Kupima presha ya mama akiwa usingizini: je, vipimo vya kumwamsha usiku vinaaminika?

Binti_wa_Moro

Ndugu zangu, naomba mawazo ya wenye taaluma au waliopitia jambo hili. Mama yangu ana umri wa miaka 64, tunaishi naye hapa Morogoro, na ametumia dawa za presha kwa miaka 11. Kwa sasa anameza amlodipini miligramu 10 na losatani miligramu 50, zote asubuhi. Ana kisukari pia, ambacho kimetulia kwa vidonge. Tangu mwaka jana ninampima nyumbani kwa mashine ya mkono wa juu, asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya chakula, akiwa amekaa na kupumzika dakika tano, na kila namba naiandika kwenye daftari. Wastani wa wiki mbili zilizopita ni 131 kwa 79. Kwa kuwa tulielezwa kuwa mpaka wa vipimo vya nyumbani ni 135 kwa 85, tulikuwa tumetulia.

Kilichotushtua ni kipimo cha eko cha moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, alichofanyiwa mwezi uliopita. Ukuta wa chemba ya kushoto ya moyo umenenepa, na mkojo wake umeonyesha protini kidogo. Daktari alilipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema kwamba moyo wa namna hii umekuwa ukisukuma damu dhidi ya presha kubwa kuliko hiyo niliyoiandika, na kwamba huenda presha ya mama inapanda usiku. Foleni ilikuwa ndefu, hatukupata nafasi ya kuuliza zaidi.

Tuliporudi nyumbani nilianza kumwamsha saa nane usiku ili nimpime. Usiku wa kwanza ilikuwa 158 kwa 88, wa pili 149 kwa 84, wa tatu 161 kwa 90. Sasa mama anaogopa kulala, anakaa akisubiri mlango ufunguliwe, na mimi sijui kama ninamsaidia au ninamuumiza. Je, namba hizi ni za kweli? Je, kuna mashine inayoweza kumpima mtu bila kumwamsha? Na muuzaji wa duka la dawa lililo karibu nasi ameshauri tuhamishie dawa zote usiku. Je, tufanye hivyo kabla ya kurudi kwa daktari?

Muuguzi_Mstaafu

Mwanangu, pole kwa wasiwasi, na hongera kwa daftari hilo, kwa maana wagonjwa wengi niliowahudumia kliniki ya presha kwa miaka 26 hawakuwa na hata nusu ya kumbukumbu ulizo nazo. Nitaanza na jambo la haraka: acha kumwamsha, kuanzia usiku wa leo.

Mtu akishtuliwa usingizini, mishipa ya fahamu inayoendesha moyo bila sisi kuamua huamka kabla yake, mapigo huongezeka, mishipa ya damu hubana na presha hupanda hata kabla hujamaliza kufunga mkanda. Kwa hiyo 158 uliyoipata ni presha ya mama aliyeamshwa ghafla gizani na binti mwenye wasiwasi. Haiwezi kuthibitisha kwamba presha yake hupanda usingizini, wala haiwezi kukanusha. Kuanzia usiku wa pili hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa alikuwa akikusubiri, na mtu anayesubiri kuamshwa hajalala sawasawa.

Sasa kuhusu alichokisema daktari. Kwa mtu mwenye afya njema, presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza, hushuka usingizini kwa asilimia 10 hadi 20 ikilinganishwa na ya mchana. Mama mwenye wastani wa 131 mchana angetarajiwa kuwa na takriban 105 hadi 118 akiwa amelala. Wapo ambao presha yao haishuki kiasi hicho, na wapo ambao badala ya kushuka hupanda. Madaktari wa Dublin nchini Ayalandi, akiwemo Eoin O'Brien, ndio waliowagawa wagonjwa mwaka 1988 katika makundi ya wanaoshuka na wasioshuka, na tangu hapo imeonekana mara nyingi kwamba kundi la pili ndilo linaloumia zaidi moyo, figo na ubongo. Katika mji wa Ohasama nchini Japani, wakazi zaidi ya 1,500 walivalishwa mashine ya kurekodi presha kwa saa 24 na kufuatiliwa kwa takriban miaka tisa. Kila upungufu wa asilimia 5 katika ule mshuko wa usiku uliambatana na ongezeko la karibu asilimia 20 la hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa, na hili lilionekana hata kwa watu ambao wastani wao wa saa 24 haukuwa juu. Ndiyo maana daftari linaweza kuwa zuri na moyo ukawa umenenepa.

Kwa mama yako zipo sababu mbili zinazonifanya nimwelewe daktari wenu. Kisukari cha muda mrefu huweza kudhoofisha mishipa ile ya fahamu inayotakiwa kuishusha presha usiku. Na protini kwenye mkojo ni dalili kwamba figo zimeanza kuguswa. Figo zisipoweza kutoa chumvi ya kutosha mchana, mwili huendeleza presha ya juu usiku ili chumvi ile isukumwe itoke na mkojo, na mgonjwa huyo mara nyingi huamka kwenda haja ndogo mara mbili, tatu au zaidi. Je, mama anaamka hivyo? Tafadhali tujibu, kwa sababu ni jambo ambalo wazee wetu hulihesabu kuwa la uzee tu na hawalitaji kliniki.

Mashine unayoiuliza ipo. Wengi huiita mashine ya saa 24. Ni mkanda wa kawaida wa mkono wa juu uliounganishwa kwa mrija na kifaa kidogo kinachovaliwa kiunoni, na hupangwa kujaza mkanda wenyewe kila dakika 20 au 30 mchana na kila dakika 30 usiku. Mgonjwa huvalishwa hospitali, hurudi nyumbani, hufanya shughuli zake, hulala kitandani pake, kisha hurudi kesho yake kusomewa. Ili daktari aweze kuyatumia majibu, vinahitajika walau vipimo 20 vizuri vya mchana na 7 vya usiku. Mipaka inayofuatwa na miongozo ya Ulaya ni 135 kwa 85 mchana, 120 kwa 70 usiku, na 130 kwa 80 kwa saa zote 24. Angalia jinsi mpaka wa usiku ulivyo chini: namba ambayo kliniki ingepongezwa, kwa mtu aliyelala ni presha iliyopanda.

Kuhusu ushauri wa muuzaji wa dawa, usihamishe kidonge chochote kabla daktari hajaona kipimo hicho. Nitalirudia hili nikipata nafasi.

Baba_Likoni

Dada yangu, salamu kutoka Mombasa. Mimi niliivaa mashine hiyo miaka miwili iliyopita, hivyo nitaeleza yale ambayo mtaalamu huenda asiyataje.

Mchana haina tabu kubwa. Inapoanza kujaa hutoa mlio, na hapo unatakiwa usimame ulipo, mkono uuache uning'inie umelegea na usizungumze, kwa sababu ukiukunja au ukiutikisa itashindwa kusoma na itarudia baada ya dakika chache. Usiku ndio wenye shughuli. Kwa saa mbili za mwanzo kila ilipobana niliamka, kisha mwili ukazoea, na ilipofika alfajiri sikuwa na kumbukumbu ya vipimo vingi. Mke wangu aliupitisha mrija juu ya bega ili nisiulalie nikigeuka, akanishonea kifuko cha kuning'iniza kifaa, na mkanda ukawekwa kwenye mkono wa kushoto, nisioutumia sana. Kuoga huwezi kwa siku nzima, basi mama aoge kabla ya kwenda kuvalishwa.

Jambo nililolisisitiza mwenyewe kwa daktari, nanyi mlisisitize, ni kuandika saa halisi ya kulala na ya kuamka. Kifaa huwa kimepangwa kwamba usiku unaanza, tuseme, saa nne na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilivalishwa katika mwezi wa Ramadhani: nililala saa saba, nikaamka kula daku, nikaswali, kisha nikalala tena hadi saa tatu asubuhi. Kama wangefuata saa ya kifaa, muda niliokuwa macho nikila ungehesabiwa kuwa usingizi, na usingizi wangu wa asubuhi ungehesabiwa kuwa mchana. Ndugu yangu ambaye ni mlinzi wa usiku alikumbana na jambo hilohilo, kwa sababu presha yake hushuka mchana anapolala.

Majibu yangu yalikuwa 128 mchana na 136 usiku. Daktari aliuliza swali moja tu, na alimwuliza mke wangu, si mimi: je, huyu anakoroma, na wakati mwingine mkoromo hukatika ghafla kana kwamba pumzi imekwama? Mke wangu alijibu kwamba kwa miaka mingi amekuwa akinisukuma ili nivute pumzi. Nilipimwa usingizi, ikaonekana kwamba koo hujifunga mara nyingi kila saa. Kila linapojifunga oksijeni hupungua, mwili hushtuka bila mimi kuamka kikamilifu, na presha huruka juu. Sasa ninalala na mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, nimepunguza kilo tisa, na kipimo cha pili cha saa 24 kilionyesha 118 usiku. Dawa yangu ya presha haikubadilishwa hata kidogo. Kwa hiyo nakuuliza, dada: mama anakoroma?

Fundi_Vifaa_Tiba

Naongezea upande wa vifaa, kwa kuwa kazi yangu hapa Mwanza ni kuvikagua na kuvitengeneza.

Mbali na mashine ya saa 24, zipo mashine za nyumbani zenye uwezo wa kupangiwa saa za kupima usiku. Unamfunga mgonjwa mkanda anapokwenda kulala, na mashine inajipima yenyewe mara chache kwa saa ulizoziweka. Wajapani wametumia njia hii kwa muda mrefu, na katika tafiti zao kubwa wamekuwa wakipima saa nane, saa tisa na saa kumi za usiku, kwa usiku kadhaa, kisha wakachukua wastani. Faida yake ni kwamba usiku mmoja unaweza kuwa mbaya kwa sababu ya mbu au msiba wa jirani, ilhali wastani wa siku kadhaa hutulia. Hata hivyo si kila mashine ya nyumbani inayo sehemu hiyo, na dada asiharakishe kununua nyingine kabla ya kipimo cha hospitali.

Tahadhari moja ni ya saa za mkononi zinazodai kupima presha kwa mwanga. Hazina mkanda unaobana mshipa. Hukadiria presha kutokana na umbo la mapigo ya damu chini ya ngozi, na zile zilizo makini kidogo hutaka zilinganishwe mara kwa mara na mashine ya mkono wa juu. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2023 haikuzipendekeza kwa kutambua ugonjwa wala kwa kurekebisha dawa. Nimeshaletewa saa za namna hiyo na watu waliokuwa wameacha vidonge kwa kuziamini, jambo ambalo huniumiza kila ninapolikumbuka.

Tahadhari nyingine ni ya mkono. Mtu akilala ubavu, mkono ulio juu huwa juu ya usawa wa moyo, na kila sentimita 10 za kuinuka hupunguza kipimo kwa takriban milimita 7 hadi 8 za zebaki. Ndiyo maana kipimo kimoja cha 104 kati ya vingi vya 130 hakina maana ya kusherehekea. Pia pima mzunguko wa mkono wa mama kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida huwafaa wenye sentimita 22 hadi 32, na zaidi ya hapo anahitaji mkanda mkubwa, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Iwapo baadaye mtanunua mashine, tafuteni jina lake katika orodha ya STRIDE BP, ambayo huorodhesha mashine zilizothibitishwa kwa vipimo.

Binti_wa_Moro

Shikamoo mama, na asanteni sana kaka zangu. Jana usiku sikumwamsha, na amelala hadi adhuhuri ya leo kama mtu aliyetoka safari.

Nimejibu maswali yenu kwa kumwuliza mwenyewe na kwa kusikiliza mlangoni. Anaamka kwenda haja ndogo mara tatu, wakati mwingine nne, na amekuwa hivyo kwa miaka miwili. Anakoroma, lakini kwa saa nzima niliyomsikiliza sikusikia pumzi ikikatika. Mkono wake una sentimita 31. Tumepata miadi ya mashine ya saa 24 wiki ijayo.

Linalobaki ni hilo la dawa za usiku. Mama mkubwa wetu amesema kwamba aliwahi kusikia redioni kuwa dawa za presha zikimezwa usiku huokoa maisha zaidi. Kama presha inapanda usiku, je, si ni sahihi dawa ziwepo usiku?

Muuguzi_Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Alichokisikia mama mkubwa hakikutungwa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti kutoka Hispania uliodai kwamba wanaomeza dawa wakati wa kulala hupata nafuu kubwa mno kuliko wa asubuhi. Habari hiyo ilienea upesi, na wataalamu wengi walitilia shaka ukubwa wa nafuu hiyo na namna utafiti ulivyofanywa. Kisha mwaka 2022 ukachapishwa utafiti wa Uingereza uitwao TIME, ulioongozwa kutoka Dundee, wenye washiriki 21,104 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano, nusu wakimeza asubuhi na nusu jioni. Idadi ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya mishipa haikutofautiana. Kwa hiyo kwa wagonjwa wengi saa bora ni ile ambayo hawatasahau.

Zaidi ya hayo, amlodipini hukaa mwilini kwa muda mrefu, hivyo anayemeza saa moja asubuhi bado anayo dawa saa nane usiku. Kuihamisha hakubadilishi mengi. Dawa za kukojosha ndizo ambazo zikimezwa jioni humwamsha mzee mara nyingi zaidi, naye akinyanyuka gizani mwenye kizunguzungu anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Na wapo wagonjwa ambao presha yao tayari hushuka kupita kiasi usiku, zaidi ya asilimia 20. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea dawa wakati wa kulala, damu inayofika kwenye ubongo na kwenye mshipa wa jicho inaweza kupungua mno. Bila kipimo hamuwezi kujua mama yupo kundi gani. Mwuzaji yule huenda alikuwa na nia njema, lakini alishauri bila kuwa na namba hata moja ya usingizi mbele yake.

Wakati mnasubiri, lipo ambalo mnaweza kulifanya leo, nalo ni chumvi. Presha isiyoshuka usiku kwa wenye figo dhaifu mara nyingi ni presha inayofuata chumvi, na ikipunguzwa mchana, usiku nao hupumzika. Angalieni dagaa wakavu, samaki wa chumvi, vipande vya mchuzi vya dukani na chumvi inayonyunyiziwa mezani juu ya kachumbari. Kama anatumia dawa za maumivu kama diklofenaki au aibuprofeni kwa ajili ya magoti, mwambieni daktari, kwa sababu dawa hizo hubakiza chumvi na maji mwilini na hupunguza nguvu ya losatani.

Binti_wa_Moro

Nimerudi na majibu, nikiona ni haki yenu kuyajua. Vilipatikana vipimo 41 vya mchana na 14 vya usiku. Wastani wa mchana ni 133 kwa 78, karibu sawa na daftari langu, na wa usiku ni 139 kwa 75. Tuliandika saa aliyolala, saa aliyoamka na mara tatu alizokwenda msalani, na daktari aliviondoa vipimo viwili vilivyoangukia nyakati hizo kabla ya kutoa wastani. Hivyo presha yake ya juu haishuki, bali inapanda, ingawa iko mbali na zile 158 na 161 zilizotutia hofu.

Daktari amepandisha losatani hadi miligramu 100 na kuongeza dawa ya kukojosha ya kiwango kidogo, zote zimezwe asubuhi. Ameagiza damu ipimwe baada ya wiki mbili ili kuona figo na potasiamu. Diklofenaki, ambayo kweli alikuwa akiinunua kimyakimya kwa ajili ya goti, imesimamishwa. Atapimwa pia usingizi kwa sababu ya mkoromo, na mashine ya saa 24 itarudiwa baada ya miezi mitatu.

Je, kuna la kuzingatia ili kipimo cha pili kilinganishwe vizuri na cha kwanza?

Muuguzi_Mstaafu

Lipo, mwanangu. Avalishwe mkono uleule, mkanda wa ukubwa uleule, na iwe siku ya kawaida inayofanana na ile ya kwanza, si siku ya harusi wala ya safari. Chukua nakala ya karatasi yote ya vipimo, yenye kila namba na saa yake, uihifadhi ndani ya daftari lako, kwa sababu faili za hospitali hupotea na daktari wa siku hiyo anaweza kuwa mwingine. Na usiku ule ulale chumbani kwako.

Baba_Likoni

Dada, barakoa ikihitajika baada ya kipimo cha usingizi, niandikie hapa. Wiki mbili za mwanzo ni ngumu, na nitakueleza tulivyozivuka.